Meli ya Kijivu ya Fundi Mizinga

Katika ua wa Fundi Mizinga, nguo zilizofuliwa haziruhusiwi kugusana kwenye kamba. Kati ya shati na shati lazima pawe na nafasi ya kupita kiganja, na kati ya shuka na shuka nafasi ya kupita mtu. Mgeni akisaidia kuanika bila kujua sheria hii, Fundi huiweka randa chini, hutoka bandani kimya, huzitenganisha nguo mwenyewe, kisha hurudi kazini kama mtu aliyefunga mlango ulioachwa wazi. Mke wake, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Fundi, alinieleza sheria hiyo siku za mwanzo kabisa, kwa sauti ile ile ambayo mwenyeji hukuonyesha choo kilipo.

"Usimuulize sababu," akaongeza. "Mimi nilimuuliza mwaka wa harusi. Nikajibiwa nikiwa na wajukuu."

Sheria hiyo inashangaza zaidi kwa kuwa Fundi si mtu wa utaratibu. Banda lake ni vurugu ya mbao, vumbi na makopo. Penseli anaitafuta nusu saa nayo ipo sikioni. Kanisani anaimba besi, na kwa pupa yake huingia ubeti wa pili wakati wenzake wangali wanamalizia wa kwanza, halafu anawakazia macho kana kwamba wao ndio waliochelewa. Anavaa kofia ya pama ambayo hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo, isipokuwa Mungu na Mama Fundi, na Mama Fundi anasema Mungu hakupoteza wala hakupata kitu.

Kazi yake ni kutengeneza mizinga ya nyuki. Mbao nyingi huzifuata upande wa Kumsenga, na mizinga yake imetundikwa juu ya miti kuanzia Kibondo hadi Rungwe Mpya. Utani kuhusu mzinga wa nyuki na mzinga wa vita umeshafanywa na kila mtu mwenye mdomo Kibondo na Kasulu. Sitaurudia.

Mimi ni mwalimu wa chuo, mzaliwa wa Kondoa, ambako yakipatikana maji ya kumzamisha mbuzi huwa ni habari. Nilipangiwa kazi Kibondo, kisha nikahamishiwa Kasulu. Fundi naye akahamia Kasulu kwa sababu zake, na tulipokutana sokoni kila mmoja alimtuhumu mwenzake kwamba anamfuata. Huwa naandika makala za magazetini, ambazo husomwa na mhariri na, nikibahatika, na mtu anayefungua maandazi yaliyofungiwa humo. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mtu anayesimulia habari za meli hana sifa yoyote ya kusimulia habari za meli.

Palikuwa na maneno, bila shaka. Mwalimu wa kike, hana mume, anafuata nini kwenye banda la mume wa mtu? Mama Fundi ndiye aliyeyakata, siku moja bombani, mbele ya ndoo zote: "Mwacheni. Anafuata meli. Angekuwa anafuata mwanamume angechagua mwenye meno."

Meli hiyo niliiona mara ya kwanza Kibondo, nilipokwenda kununua asali. Ukungu wa milima hii hauji. Unashtukia tu umeshafika. Nilikuwa nimepiga hodi, nimeitikiwa, natembea kuelekea sauti iliyoniitikia, na mbele yangu, usawa wa kiuno, pakatokeza pua ya meli ya vita. Ya kijivu. Baada ya pua ikaja bunduki kubwa ya mbele, kisha chumba cha nahodha chenye vidirisha, kisha dohani, kisha reli ndefu iliyozunguka sitaha. Kwenye reli hiyo mashati madogo yalikuwa yameanikwa, mengi, yamebanana bega kwa bega kama watu kwenye foleni ya zahanati. Kila shati lilikuwa na kola. Watu hawakuwapo.

"Karibu asali," sauti ikasema kutoka upande wa pili.

"Asante, mzee wangu. Hii nini?"

"Meli."

"Naona. Ya nini?"

"Ya vita."

"Na maji yake yako wapi?"

Akajitokeza, kofia kwanza. "Maji," akasema, "ndiyo sababu niko huku."

Baadaye nilielewa kwamba hakuwa akifanya mzaha. Fundi hali samaki. Hata dagaa hali, na mkoa wa Kigoma mtu asiyekula dagaa hutazamwa kama mtu asiyetahiriwa. Lakini yeye mwenyewe ndiye anayemnunulia mkewe dagaa sokoni, anachagua kwa makini, anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema. Anaoga kwa kikombe. Akisafiri kwenda Kibondo, gari likikaribia daraja la Malagarasi hufumba macho na kuanza kuimba besi mpaka utingo amwambie, "Tayari, mzee, tumevuka." Siku moja utingo mmoja mtundu alimwambia "tayari" wakiwa katikati ya daraja. Fundi alifumbua macho, akaona maji, na abiria wakashuhudia mzee wa kofia akimshika utingo mkono kama mtoto na kutouachia hadi Kibondo mjini.

Ana misemo mingi, nusu yake mibaya. "Msumari ni uongo wa fundi mvivu," husema, na misumari hununua kwa kilo. "Asali haina haraka, mwenye haraka ni mlaji." Huo huutoa mteja akilalamika kucheleweshewa mzinga. Lakini upo mmoja ambao ulinikaa. Alikuwa akimzungumzia mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akijifanya hakumwona Fundi akiingia mazoezini kwa kuchelewa. "Niliona jicho lake, Mwalimu. Na ukiona jicho la mtu, nalo limekuona. Hakuna njia ya upande mmoja hapo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akageuka akaitazama meli.

Watu wengi hudhani ni ile meli ya Wajerumani ya zamani, inayosimuliwa ziwani. Fundi hukataa kwa hasira. Nami, kwa kuwa nimesoma, nilijitwika kutafuta ni meli gani. Niliwaandikia rafiki zangu Dar es Salaam, nikamsumbua mtu wa historia, nikamsumbua na mtu wa bandari. Wote wakanijibu kwa heshima kwamba meli ya namna hiyo, yenye dohani pale na bunduki pale, hawaijui. Nilipompelekea Fundi majibu hayo, alinisikiliza hadi mwisho akipiga msasa.

"Ilikuwa na bendera gani?" nikamuuliza.

"Haikuwa na bendera. Ingekuwa nayo ningeishona."

Habari yenyewe alinipa kipande kipande, kwa miaka, kama mtu anayejitoa miba mguuni. Alikuwa mtoto wa umri wa kung'oka meno. Alfajiri moja mama yake aliwapakia yeye na dada yake mkubwa kwenye mtumbwi wa mvuvi upande wa Burundi, wavuke. Wengi walivuka miaka ile, kwa sababu ambazo huku hakuna anayehitaji kuelezwa. Katikati ya ziwa palikuwa na ukungu. Ndani ya ukungu wakasikia injini, kisha meli ya kijivu ikapita ubavuni mwao, karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya sabuni kutoka kwenye nguo zilizoanikwa. Haikupunguza mwendo. Wimbi lake likaulaza mtumbwi upande, na mtumbwi ulipotulia dada yake hakuwamo. Mama yake alikuwa amemshika yeye kwa mikono yote miwili.

Mama huyo aliishi miaka mingi upande huu, akalima, akazeeka. Kila mara mwanawe alipotaja habari ile, jibu lake lilikuwa moja: "Ntibatubonye, mwana wanje." Hawakutuona, mwanangu. Akalisema hata siku za mwisho, bila kuulizwa.

Lakini Fundi ana uso. Anakumbuka kichwa cha mtu, kichwa tu, kidevu kimekaa juu ya reli, paji la uso limelowa, mdomo wazi kidogo. Uso ule ulimtazama yeye. Haukuwa na hasira wala huruma. "Ulinitazama kama mtu anayesubiri nimwambie kitu," alisema.

Basi mambo ni haya. Kama uso ule ulikuwapo, walionekana. Meli ilipita ikijua, na mama yake alikufa ameshikilia uongo, wa kumfariji mtoto au wa kujifariji mwenyewe. Kama haukuwapo, mama alisema kweli, na hakuna wa kuchukiwa ila ukungu. Fundi hataki kwenda kaburini bila kujua. Ndiyo maana anajenga meli: apate mahali pa kuuweka uso ule, kisha atazame kutoka hapo.

Mimi nilileta nadharia zangu. Huenda alikuwa mpiga makaa anayetoka jasho, ndiyo maana paji limelowa. Na kwa nini kidevu kifike kwenye reli, wakati reli ya meli hukoma kiunoni? Huenda alikuwa amepiga goti, anafunga kamba za viatu.

"Mwanajeshi gani anafunga kiatu kwa kidevu?" Fundi akauliza.

Meli ya kwanza ililiwa na mchwa. Hiyo sikuiona, nimesimuliwa na Mama Fundi. Mumewe alikuwa ameifanyia kazi miaka mingi kule Kibondo, amemaliza hadi rangi. Masika yakaja. Asubuhi moja akaweka kiganja kwenye sitaha kuifuta vumbi, na mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Ndani hamkuwa na kitu. Mchwa walikuwa wamekula mbao zote na kubakiza rangi. "Ilikuwa imesimama vile vile," Mama Fundi alisema, "kama mtu aliyekufa akiwa ameketi, mnapita mnamsalimia."

Ya pili, hiyo niliyoikuta kwenye ukungu, iliharibiwa na utoto. Alikuwa ameipima kwa kulinganisha na mtumbwi anaoukumbuka, na mtumbwi alioukumbuka ulikuwa mkubwa kama nyumba, kwa sababu aliyekuwa amekaa ndani yake alikuwa mdogo kama kuku. Siku moja tulikaa tukapiga hesabu kwenye kipande cha ubao. Ilionekana kwamba mtu wa kuweka kidevu juu ya reli ile angepaswa kuwa na urefu wa mnara wa simu.

"Fundi," nikamwambia, "unakumbuka kwa macho ya mtoto. Vunja."

Hakusema nami masika yote. Halafu akavunja. Mbao zake akatengenezea mizinga, na hadi leo ukipita mashamba ya Kitanga unaweza kuona juu ya mti mzinga wa kijivu wenye kidirisha cha duara, na nyuki wanachungulia humo kama mabaharia.

Ili ya tatu isikosewe, ilibidi mtu aende ziwani kupima mtumbwi halisi. Yeye hakwenda. Nilikwenda mimi, na utepe wa fundi cherehani, nikainama ufukweni nikipima urefu, upana, kina, na unene wa ukingo, ambao ulikuwa mpana kama kidole gumba changu na umelala upande kidogo. Wavuvi walisimama kunizunguka.

"Mama, unaushonea suti?"

"Mshonee na kofia, jua kali."

Rangi niliichukua kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Mkongo mmoja mwenye duka la mabati na rangi, aliyenihakikishia, "Mama, hii njo rangi ya bato ya kweli kweli." Sijui aliwahi kuiona bato, yaani meli, wapi, lakini Fundi alipofungua kopo alilifunga tena, akaniambia, "Ndiyo hii."

Kosa lililofuata ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na mtu mmoja tu nchini, naye ni bingwa wa mizinga. Maungio ya mbao yalikuwa yanaachia ukungu ukiingia. Fundi akayaziba kwa nta. Akaona inapendeza, akaipaka nta meli nzima kwa ndani, akaipasha moto, akaisugua. Sasa, kila mtu huku anajua kwamba ukitaka nyuki wahamie kwenye mzinga mpya, unaupaka nta kwa ndani na kuwasubiri. Yeye mwenyewe amewafundisha watu hivyo maisha yake yote. Lakini alipokuwa akiipaka meli yake hakuwa akipaka mzinga, alikuwa akipaka meli, na vichwani mwetu vitu hivyo hukaa vyumba tofauti.

Walikuja mchana, kundi zima. Waliingia kwa dohani.

Mama Fundi alinipigia simu akicheka na kulia. "Mwalimu, njoo uone, meli ya bwana imepata jeshi." Nilipofika nilisimama mbali. Nyuki walikuwa wakitoka kwenye dohani na kurudi, wengi, weusi, na kwa mbali, naapa, ulikuwa moshi. Majirani walikuwa wamehamisha mbuzi. Kijana wa bodaboda akasema, "Mzee, hiyo sasa washa uende Kigoma." Nilitegemea kumkuta Fundi ameketi chini amejishika kichwa. Nilimkuta amesimama karibu kuliko mtu yeyote, kofia mkononi. Ndiyo, mkononi. Alikuwa ameinamisha sikio.

"Ni sauti hii," alisema. "Niliisahau. Mwalimu, injini ilikuwa na sauti hii."

Hakuwatoa. Asali yao hajaivuna hata mara moja.

Tangu hapo meli ile imekuwa na mambo ambayo mimi, niliyesoma muhula mzima wa falsafa ya sayansi na kupata alama ya kuridhisha, siyapendi. Fundi hufanya kazi siku za ukungu tu, kwa sababu anasema siku nyingine haoni vizuri. Mkewe husema mzee wake anatumia ukungu kama wengine wanavyotumia umeme. Jioni huiacha meli imeelekea mlangoni. Asubuhi pua yake huwa imeelekea magharibi, ziwani. Mama Fundi husema ni yeye huigeuza akiwa usingizini. Fundi husema ni mkewe, kwa utani. Nimewatazama wote wawili wakilisema hilo, na kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake kwa matumaini.

Halafu yako yale mashati. Ilikuwa Agosti, vumbi jekundu hadi kwenye meno, mwezi mzima ukungu haujaonekana. Nilikuwa namsubiri Fundi bandani, na kwa kukosa la kufanya nikagusa shati moja dogo kwenye reli. Lilikuwa limelowa. Nikagusa la pili. Yote yalikuwa yamelowa, na vidole vyangu vilinuka sabuni ya mche. Nilimuuliza Mama Fundi kama ameyafua.

"Mimi?" akasema. "Mimi yale siyagusi. Mimi hata banda lile siingii nikiwa peke yangu. Ile kitu inapumua."

Sikuuliza tena. Nilikwenda nyumbani nikanawa mikono, kisha nikanawa tena kwa sababu niliyonawia ilikuwa sabuni hiyo hiyo.

Na kilikuwapo kichwa. Fundi hakuweka watu kwenye meli, lakini kichwa alikichonga, kidogo kama harage, na alikichonga upya kila alipojenga meli upya. Alikihifadhi kwenye kopo tupu la dawa ya viatu. Aliwahi kunionyesha. Uso haukuwa na mengi, mafundi wa mizinga si wachongaji wa sanamu, ila mdomo ulikuwa wazi kidogo, na ulikuwa ukisubiri. Chini ya kidevu alikuwa amechonga mfuo wa kukalia reli, jinsi anavyokumbuka kidevu kilivyobonyea. Tatizo ni kwamba hakikukaa. Reli ni nyembamba na ya mviringo. Mfuo ulikuwa mpana, umelala upande. Kila akikiweka kilianguka. Akichonga mfuo mwembamba, anasema siyo huo, anatupa, anaanza tena, na mikono yake inamtolea mfuo mpana ule ule.

"Nimelala na kichwa kile uvunguni tangu mtoto wa kwanza," Mama Fundi aliniambia. "Huyu mtu angekuwa na mwanamke mwingine ningejua la kufanya."

Mwaka huu, baada ya masika, aliniita. Aliyepiga simu ni mkewe. "Mwalimu, njoo. Ukungu umeshuka hadi mlangoni, na mzee anasema ni leo."

Nilimkuta ameketi kwenye gogo uani, amevaa kofia na koti la kanisani. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Nilijua, lakini sikujua kwamba yamefika pale.

"Mwaramutse, Mwalimu. Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee wangu."

"Ukungu umehamia ndani," akasema, akigusa kope. "Meli imekwisha, na mwenye kutazama hana macho. Utatazama wewe."

Meli ilikuwa imewekwa chini, kwenye udongo uliofagiliwa, na udongo huo ndio uliokuwa ziwa. Baridi iliwaweka nyuki ndani. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Ubavuni, karibu sana, palikuwa na mtumbwi aliouchonga kwa vipimo vyangu, na ndani yake mvuvi na kasia lake, na mwanamke aliyemshika mtoto. Nafasi ya mbele, ya dada yake, ilikuwa wazi.

Nililala kifudifudi juu ya gunia. Mwanamke wa makamo mwenye shahada mbili, tumbo chini, nikaingiza simu yangu kwenye chumba cha nahodha, jicho la kamera likiwa pale ambapo jicho la mtu lingekuwa. Mama Fundi alisimama nyuma ya mumewe, mkono begani mwake.

"Unaona nini?" Fundi akauliza.

"Naona sitaha. Naona migongo ya mashati. Halafu ukungu."

"Mtumbwi?"

"Hauonekani. Uko chini mno, na karibu mno. Ubavu wa meli unauficha."

"Nenda kwenye reli."

Nikaisogeza simu hadi kwenye reli, kwanza mbele, kisha katikati, kisha nyuma. Nilipima kwa mtu aliyesimama, na kwa mtu aliyepiga goti. "Nguo, Fundi. Nguo tupu."

"Pengo?"

"Hamna. Umezibananisha mwenyewe."

"Zilikuwa zimebanana," akasema. "Hilo hata mama alilikumbuka." Akavuta pumzi ndefu, na alipoiachia mabega yake yalishuka chini kuliko nilivyowahi kuyaona. "Basi hawakutuona."

"Si alikwambia?" Mama Fundi akasema. "Si mama yako alikwambia, mzee wangu? Miaka yote!"

"Alisema. Ego, ndiyo. Alisema."

Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, najikung'uta, nimefurahi kama mtu aliyefanya jambo la maana. Fundi akainua kidole.

"Bado, Mwalimu. Sasa tazama ukiwa mtoto."

Nikalala tena. Nikaiweka simu ndani ya mtumbwi, usawa wa kile kichwa kidogo kilichoshikwa na mama yake, na kuielekeza kwenye meli. Niliona ukuta wa kijivu. Juu kabisa ya ukuta niliona pindo za mashati. Nilitafuta mahali ambapo uso ungeweza kuonekana, nikatafuta tena, na hapo ndipo nilipoelewa ninachokitafuta, nikatamani nisingelala pale.

"Ukiona jicho la mtu," nikaanza.

"Nalo limekuona," akamalizia yeye. "Na kama hakuna aliyeniona?"

Nikaielekeza simu tena juu, kwenye pindo za mashati.

"Reli iko juu kiasi gani, kutoka hapo?" akauliza baadaye, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Juu sana. Lazima uinue uso mpaka shingo iume."

"Sikuinua uso," Fundi akasema. "Yule alikuwa usawa wangu. Ningenyoosha mkono ningemgusa."

Mama Fundi alilifikia jibu kabla yetu. Nilimwona akiweka kiganja mdomoni. Yeye, ambaye kopo lile hakulipenda siku zote, aliingia ndani bila kuambiwa, akalileta, akaliweka mkononi mwa mumewe na kumfungulia kifuniko.

Fundi alipiga magoti udongoni. Aliutafuta mtumbwi kwa vidole, akaupata, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo kutoka nyuma kuelekea mbele, hadi ilipo nafasi iliyo wazi. Akakichukua kile kichwa kidogo. Akakiweka kwa upande wa nje, upande wa maji, kidevu juu ya ukingo wa mtumbwi, uso ukimwelekea mtoto. Mfuo ukaupokea ukingo.

Akaondoa mkono. Kikakaa.

Ndani ya meli nyuki waliendelea kunguruma, kwa sauti ile ile, bila kupunguza mwendo.